Siku Tuliyoacha Kujibu "Nzuri"

Mambo yaliharibika Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi. Kila Jumanne na Ijumaa sisi wazee tulikutana kwenye ukumbi wa zahanati. Tulinyoosha viungo, tulipimwa presha, tulitaniana. Kwangu mimi niliyefiwa na mke, ile ilikuwa dawa bora kuliko vidonge.

Siku hiyo mlango ulikuwa na kufuli. Karatasi imebandikwa: "Mazoezi ya wazee yamesimamishwa. Hakuna fedha."

"Wakubwa wameshatuzika," nikasema. "Bado udongo tu."

"Tangulia wewe," akasema Dereva, mzee mwenzangu aliyeendesha malori miaka mingi. "Mimi nimeacha chungu jikoni."

Baada ya wiki sita goti langu lilikaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikaanguka bombani na ndoo yangu. Binti yangu akapiga simu kutoka mjini.

"Baba, ukianguka tena nakuja kukuchukua."

"Unipeleke wapi?"

"Kwangu, ghorofa ya tatu."

"Na goti hili? Si bora unitundike ukutani kama kalenda!"

Hakucheka. Nami sikutaka kuondoka. Mimi ni fundi mwashi. Nyumba hii niliijenga mwenyewe, na marehemu mke wangu ndiye aliyenipa kila tofali mkononi.

Kesho yake nikaenda kwa Sista, muuguzi wetu wa zahanati, nimefura kwa hasira.

"Sista, wakubwa wako wamekula pesa zetu!"

"Kaa kwanza, mzee wangu. Hazikuliwa. Zimepelekwa kwingine." Akafungua faili. "Unamkumbuka yule afisa wa mwaka jana?"

"Yule wa viatu vya kung'aa? Tulimpa kiti kizuri."

"Aliwauliza nini?"

"Aliuliza hali. Kama tuna shida."

"Mkajibu?"

Tulijibu kama watu waliolelewa. Mgeni akikuuliza hali, humwagii magonjwa yako hata kiti hajakipasha moto. Dereva alikuwa na kisukari. Mama Mshonaji, jirani yangu, alishindwa hata kupanda ngazi. Lakini wote tulisema, "Hatuna shida, mwanetu. Karibu."

Sista akanisomea ripoti. "Wazee wako salama. Hawana shida."

"Na yeye akaandika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Sasa sikiliza. Pesa za kazi kama hii hupangwa mara moja kwa mwaka. Wanaopanga husoma karatasi. Kisichoandikwa, kwao hakipo. Mwezi ujao kuna mkutano wa wananchi kabla ya kupanga bajeti. Nendeni. Semeni nani ameanguka, lini na wapi, na mazoezi yalimsaidiaje. Kisha hakikisheni yameandikwa kwenye muhtasari."

"Mimi nisimame mbele za watu niseme nilianguka na ndoo?"

"Na ulivyolowa pia."

Tukakutana barazani kwa Mama Mshonaji tujaribu kuzieleza shida zetu.

"Hali yako, mama?" nikamwuliza.

"Nzuri."

"Mama! Tumekuja hapa kwa kazi gani?"

"Ulimi umezoea, baba!" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Siku ya mkutano diwani alisimama. "Wazee wangu, hali zenu?"

"Nzuri!" ukumbi mzima ukaitika.

Nikainuka, nimeshika kiti. "Si nzuri, mheshimiwa."

Watu wakageuka. Nikaeleza goti, bomba, ndoo. Nikasema nikianguka tena nahamishwa kutoka nyumbani kwangu. Dereva akaeleza sukari yake ilivyoshuka alipokuwa akifanya mazoezi, na ilivyopanda mlango ulipofungwa. Mama Mshonaji akasema miezi miwili hajapimwa presha. Sista akaonyesha daftari la vipimo. Karani alikuwa anaandika.

"Hebu tusomee ulichoandika," nikamwambia.

Akasoma.

"Ndoo umeiacha."

"Mzee, ndoo nayo?"

"Tia ndoo."

Akatia.

Mwezi wa saba kufuli liliondolewa. Bajeti mpya ilikuwa na fungu la wazee: mwalimu wa mazoezi, mikeka, na mashine ya presha isiyokwama. Wakubwa siwasifu. Walichotoa ni chetu. Lakini goti limelegea, na maji nachota mwenyewe, nusu ndoo kama mwalimu alivyonishauri. Binti yangu alikuja na begi tupu la kutilia nguo zangu. Akaniona nikichuchumaa na kuinuka bila kushika kitu. Akarudi mjini na begi lake. Asubuhi nafagia uani, naimba vibaya, na hakuna wa kunikataza.

Kuna jambo moja tu. Nimemwuliza diwani mara mbili, na karani mara moja. Wote wanasema ni swali zuri, kisha wanatazama simu zao. Sisi tulifika mkutanoni kwa miguu yetu mibovu. Wale walio vitandani, wasioweza kufika kabisa, shida zao anaziandika nani?