Flora Yuko Wapi

Kompyuta ya mradi iliandika, "Flora husukasuka maziwa jioni," na Constantine akakunja uso. Flora, mkewe, walimzika kijijini Ngulyati wakati wa masika.

Mradi ulikuja na soko huria, nyuma ya kampuni za pamba na simu za mkononi: kompyuta ifundishwe kusoma maandishi ya mtandaoni, iokote maarifa yenyewe. Mgeni rasmi alikata utepe, akaiagiza isome kwa bidii iwe mfano kwa vijana. Ofisi ikisubiri kibali cha kuwekewa mlango, mashine iliwekwa sebuleni kwa Constantine, mtunzaji wake. Ilisoma kila kitu, hata barua ambazo Flora aliwaandikia wakulima wenzake mtandaoni, kuhusu pamba, ng'ombe na mume mvivu wa kuchota maji.

Jioni ile kibuyu cha Flora cha kusukia maziwa kikalia jikoni. Shwaa, shwaa. Harufu ya samli ikamjia Constantine, akasogea, akakiona kibuyu ukutani, kikavu, kikipembea bila mkono, na nyuma yake mtu akahema taratibu, kwa shida, kama Flora alivyohema siku za mwisho, wakati hata kukaa kulimuuma.

Kikawa kinalia kila jioni. Mganga Maduhu alipokuja kutoka Dutwa, aliitazama mashine kwa mbali.

"Msiba mliutangaza wapi?"

"Kanisani. Na vijijini."

"Na humo?"

Constantine akatikisa kichwa.

"Basi humo bado mnamfanyisha kazi. Mwacheni apumzike."

Constantine akaandika mtandaoni kwamba Flora amefariki. Mashine ikasoma, ikajibu kama ofisi yoyote: *Shahidi mmoja hatoshi.*

Nyamizi, mama yake Flora, alikuwa nje ya mlango, maana hakai chumba kimoja na mkwe wake.

"Andika na neno langu, baba. Sema nilimwosha mimi."

Akaandika. Mashine ikakubali. Mlio wa kibuyu ukakatika katikati.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko sauti.

"Baba," Nyamizi akanong'ona. "Futa langu."

"Mayu, mama yangu, amechoka."

"Najua. Futa kidogo tu, nimsikie."

Akafuta. Wakangoja, yeye ndani, mama nje, mpaka ng'ombe wakarudi na giza likaingia. Kibuyu hakikulia. Kwenye kioo cha mashine maneno mapya yakatokea: *Flora yuko wapi?*

"Inasemaje, baba?"

"Inamtafuta, mayu."