Dashibodi Niliyoing'arisha kwa Wivu

Nilimwona mke wangu akitoka kwenye gari la mwanamume mwingine, anacheka, viatu kavishika mkononi.

Viatu. Mkononi.

Ndugu zangu mnaonisoma, mimi ni mstaafu wa miaka sitini na saba. Nimeona mengi, na mengine nimeyatunga mwenyewe. Lakini siku ile, nikiwa nimechutama nyuma ya tangi la maji nyumbani kwangu, moyo ulinidunda mpaka nikahisi tangi linatikisika.

Mwenye gari ni jirani yetu, mgane, mstaafu kama mimi. Mtaa mzima tunamwita Bwana Pasi, maana suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate.

Nikamsikia:

"Wiki ijayo twende mlimani."

"Sawa," mke wangu akajibu. "Ila mzee wangu asijue."

Asijue...

Nikawahi ndani kwa mlango wa nyuma, nikajifanya nasoma gazeti. Akaingia, jasho linamtoka, uso umechanua kama wa bibi harusi.

"Umetoka wapi, mama watoto?"

"Kwa dada. Si Jumanne leo? Jirani kanipa lifti."

"Na gari letu limekukosea nini?"

"Dashibodi yake ndiyo imenikosea. Halafu gazeti umelishika juu chini, mume wangu."

Kuhusu dashibodi, alikuwa na haki. Jua la miaka ishirini limeipasua nyufa tatu, moja inameza kidole. Gari likiruka shimo tu, sponji ya ndani inamwaga unga wa njano kwenye magoti ya aliyekaa mbele. Mke wangu akishuka, watu wanadhani katoka kukanda.

Ya Bwana Pasi haina hata mkwaruzo.

Basi nikaona dawa ni moja: niitengeneze dashibodi yangu mpaka mke wangu asitamani tena gari la mtu. Fundi wa nini? Redio nilijifunza kutengeneza mwenyewe. Na saa ya ukutani pia, inakwenda mpaka leo, ingawa kinyumenyume.

Nikaziba vioo kwa magazeti. Nikachukua wembe, nikachonga kingo za kila ufa ziwe na mteremko, puti ya kuzibia ipate pa kushika. Nikashindilia puti, nikaikausha kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu. Kisha msasa. Dashibodi ina vipele vidogo vidogo kama ganda la limau. Mimi nikavisugua vyote, ikawa laini kama shavu la mtoto. Kila nikisugua namwona Bwana Pasi. Nikasugua zaidi.

Dukani, muuzaji wa rangi akanipa kopo la kupuliza.

"Mzee, ya dashibodi ni hii isiyong'aa."

"Nimekuja kununua rangi, si huzuni."

Nikachukua inayong'aa kuliko zote. Nikapuliza rangi mikono mitatu, na vanishi juu yake.

Jumanne ikafika. Bwana Pasi akapiga honi. Nikatoka mimi.

"Jirani, leo mke wangu anapelekwa na mume wake."

"Hakuna neno, jirani," akasema, akatabasamu. Tabasamu lile lilinikata maini.

Mke wangu akafungua mlango wa gari letu, akajiona uso kwenye dashibodi.

"Umeweka kioo?"

"Nimekuwekea wewe."

Akaingia, akafunga mkanda. Nikaondoa gari nimevimba kama chura.

Saa sita mchana, jua utosini. Tukatoka kwenye kivuli cha mtaa, tukaingia barabara kubwa... na barabara ikapotea. Kwenye kioo cha mbele sikuona lami. Niliona dashibodi yangu nzima, imepigwa na jua na kujirudia kwenye kioo kama taa za uwanja wa mpira.

Nikafunga breki katikati ya makutano.

Honi zikaanza. Dereva wa lori akatoa kichwa.

"Mzee, umeegesha au umehamia?"

"Twende basi," mke wangu akasema.

"Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni chochote, mama watoto."

Akavua mtandio wake, akautandaza juu ya dashibodi. Mng'ao ukafa. Lakini miguu yangu ilikataa kabisa kukanyaga klachi.

"Shuka. Zunguka huku."

"Nini?"

"Baba, shuka."

Nikashuka. Akahamia kwenye usukani. Akavua viatu. Akavuta kiti, akarekebisha kioo, akatia gia. Gari likaondoka kama limepakwa mafuta. Dereva wa lori akampigia saluti.

Kwenye mataa ya pili nikamgeukia.

"Nani kakufundisha?"

"Bwana Pasi. Miezi minne sasa."

"Pekupeku?"

"Nikivaa viatu siisikii klachi. Na leo tulikuwa twende mlimani nikajifunze kuondoa gari bila kurudi nyuma."

"Wawili tu?"

"Dada anakaa nyuma, anapiga mayowe."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Hakugeuka. Macho yake barabarani.

"Nilikuomba, siku tuliyomwozesha binti yetu. Ukasema gari si sufuria. Wageni wote wakacheka. Na mimi nikacheka."

Jamani... Nilikumbuka. Nilikumbuka hata nilivyojiona mjanja.

"Nisamehe," nikasema.

"Kuna shimo mbele. Jishike."

Wanaume wenzangu, somo langu ni fupi. Nilihangaika kujua mke wangu yuko na nani. Sikuuliza hata mara moja ni kitu gani nilichomnyima mpaka akakitafuta kwa jirani.

Dashibodi niliipiga msasa upya, nikapuliza ile isiyong'aa, ikatulia. Lakini mtu asiwadanganye kwamba wivu umeniisha. Umehama tu. Sasa hivi naandika haya nimekaa barazani peke yangu. Gari halipo. Kaondoka nalo tangu asubuhi, yeye na dada yake, hawakusema wanarudi lini.

Bwana Pasi kaniona. Kasimamisha gari, anauliza kama nataka lifti ya mjini.

Nimekubali.