Nitue, Shemeji

Jua lilikuwa likizama upande wa ziwa Debra alipofika soko la Kibuye, Kisumu, kununua shanta. Wauza mitumba walikuwa wameanza kukunja maturubai. Alitaka kitu kimoja tu: begi la mgongoni la kupandia mlima na kurudi siku hiyohiyo, litakalobeba maji, chakula na sweta bila kumkata mabega.

Jumamosi wenzake wa duka la dawa walikuwa wanakwenda vilima vya Nandi kwa njia ya Awasi. Walikuwa na desturi hiyo. Debra hakuwa ameandamana nao tangu mumewe, Ooko, atoke Usenge kuvua na mashua irudi bila yeye. Mke wa mtu aliyepotea ziwani si mke na si mjane. Haingii nyumba za watu. Halali ugenini. Wanaomsalimia husimama mbali.

Mwishowe ukoo ulizika yago. Hilo ni tunda la porini, refu, zito kama mtoto mchanga, ambalo Waluo hulizika badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Debra mwenyewe alilishonea sanda. Uzi mweupe ulimwishia katikati, akamalizia kwa wa buluu. Baada ya matanga, shemeji yake Okinyi alianza kujenga boma lake, maana mdogo hajengi kabla msiba wa mkubwa wake haujaisha. Kila mtu alipata alichokuwa akikingoja. Debra alipata ruhusa ya kutembea.

"Nipe lile jeusi," alimwambia muuzaji.

Muuzaji, Sabir, alilishusha, akalikung'uta vumbi, lakini hakumkabidhi.

"Begi tupu ni kama bwana harusi, mama. Zote hukaa vizuri. Ngoja kwanza ipate mzigo."

"Harusi nimeshaona, Sabir. Weka mzigo."

Sabir alicheka, akalijaza jinzi zilizokunjwa. Akamwonyesha kwa kidole, bila kumgusa: lianze kwenye mfupa wa shingo, liishie kwenye mfupa wa nyonga.

"Uzito ukae kiunoni. Mabega ni ya kushikilia tu. Ikikuvuta nyuma, hiyo si yako."

Debra alifunga mkanda wa kiunoni. Shanta lilitulia mgongoni kana kwamba lilikatwa kwa kipimo chake. Alitembea hadi kibanda cha jirani, akarudi.

"Sisikii kitu."

"Basi ndiyo hiyo."

Hapo ndipo bati la kwanza lilipopigwa.

Lilikuwa mbali, upande wa ziwa. Likafuata la pili. Kisha sufuria, kisha debe. Kelele zilipanda kutoka mtaa wa Nyalenda, zikavuka barabara, zikaingia sokoni. Wanawake waliacha nyanya zao wakashika karai.

"Nyawawa!" mtu akapaza sauti. "Nyawawa wanapita!"

Ni wafu wa ziwani. Wale waliozama na hawakuonekana. Huja na upepo wa jioni, na watu huwapigia vyombo ili wasisimame mlangoni kwa mtu, wapite, warudi majini. Debra alichukua kifuniko cha sufuria kwa mama wa kibanda cha pili, akakipiga kwa jiwe. Alipiga kwa nguvu. Kila walipopita, alipiga kwa nguvu.

Sabir hakupiga. Midomo yake ilikuwa ikienda.

"Sisi tunasoma dua tu," alinong'ona.

Upepo ukaja. Ulikuwa na harufu ya matope na omena mbichi, wale dagaa wa ziwani. Ukapita katikati ya vibanda... ukasita... ukapita. Kelele zikahama, zikafifia, zikafa.

"Zipu ilikuwa wazi," Sabir alisema.

"Kwani?"

"Wakati wote. Ilikuwa wazi."

Akaanza kuzitoa jinzi kwa haraka, akiwa nyuma yake, akizitupa chini. Akavuta zipu.

"Zimetoka zote, mama."

"Mbona bado ni zito?"

Sabir alikuwa ameshageuka kukunja turubai lake.

Shanta tupu hulegea. Hili lilisimama wima hadi Nyalenda, alikoishi. Debra alijiambia ni uchovu. Penye bomba la maji alimkuta jirani yake Nasike akijaza mtungi.

"Jirani! Umenunua begi ama umenunua mtu?"

Nasike alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka.

"Debra... begi yako inavuja maji."

Debra aligeuka. Nyuma yake, kwenye vumbi, matone yalikuwa yamemfuata kutoka barabarani.

Ndani ya nyumba alijaribu kulivua, likakataa. Mkanda wa kifuani ulikuwa umefungwa. Hakukumbuka kuufunga. Nasike alimsaidia kuufungua, wakalilaza sakafuni, akamulika kwa simu. Debra akavuta zipu.

Nguo nyeupe. Imelowa, ina udongo.

Aliifuata mishono kwa kidole. Uzi mweupe... mweupe...

Buluu.

"Hiyo ni nini?" Nasike alinong'ona.

"Ni mume wangu."

Alimpigia Okinyi. Upande wa pili nyundo ilikuwa ikilia juu ya mabati.

"Shemeji, kaburi la Ooko liko vipi?"

"Liko sawa. Kuna nini?"

"Yago limerudi."

Nyundo ikanyamaza. Okinyi aliposema tena, sauti yake ilikuwa chini.

"Nani amekuambia?"

Debra hakuwa ameambiwa neno. Alingoja. Okinyi hakuweza kungoja.

"Mwili wenyewe ulionekana baadaye, shemeji. Kwenye mafunjo. Wavuvi wakaniita. Watu walikuwa wameshakula, wameshaenda kwao. Ungetaka tuzike mara mbili? Nikawaambia huyu si wetu. Wakamfukia hapo ufuoni."

"Ulimwona?"

"Niliona shati."

"Shati gani?"

Okinyi akakata simu.

Nasike alikuwa ameshika mlango. "Litupe ziwani, jirani. Sasa hivi. Mimi nitakusindikiza."

Debra alikuwa akitazama sufuria yake ukutani. Ilikuwa imebonyea upande mmoja kwa kupigwa mwiko.

"Nasike, tumemfukuza huyu mtu mara ngapi?"

Jumamosi wenzake walishika njia ya Awasi. Debra alishika njia ya Usenge. Sabir hakukosea: uzito ulikaa kiunoni, mabega hayakuuma. Alishuka njiapanda akatembea sehemu iliyobaki, na watu aliowapita waliangalia mgongo wake kabla ya kumwangalia usoni.

Boma la Okinyi lilikuwa na mabati mapya yaliyometa kwa jua la mwisho. Ufuoni wanawake walikuwa wakikusanya omena walizoanika. Alipofika langoni, upepo uligeuka. Harufu ile. Wanawake waliacha omena wakaanza kupiga mabeseni.

Okinyi alitoka nje na debe na fimbo, akipiga. Akamwona. Fimbo ilisimama hewani, kisha akapiga tena, kwa nguvu zaidi, debe likimwelekea yeye.

"Piga," Debra alisema. "Anakusikia."

"Shemeji, rudi na hiyo kitu. Nakuomba. Watu wanaona."

"Ndiyo. Wanaona."

Akamgeuzia mgongo, kama mwanamke aliyetoka kisimani.

"Nitue, shemeji."

Hakuna mwanamume wa Usenge anayekataa kumtua mwanamke mzigo mbele za watu. Mabeseni ufuoni yalikuwa yamenyamaza. Okinyi aliweka debe chini. Debra alisikia pumzi yake karibu na sikio, kisha mikono yake kwenye mikanda. Shanta lilitoka mgongoni bila kukaza mahali popote.

Aligeuka.

Okinyi alikuwa amelipakata kifuani. "Niliweke wapi?" alinong'ona.

"Mahali pake. Wewe ndiye unapajua."

Alijaribu kuinama. Debra alimwona akijaribu. Mikanda ilikuwa imeshapita mabegani mwake na mzigo ulikuwa mgongoni.

Tak. Kiunoni.

Tak. Kifuani.

Mikono ya Okinyi ilikuwa ikining'inia ubavuni. Hakuwa ameshika kitu.

Alitangulia, Debra akafuata, wanawake nyuma yao. Penye mafunjo alisimama, akaonyesha kwa kidevu. Palikuwa na shimo. Lilikuwa wazi, na ndani yake maji ya ziwa yalikuwa yakiingia na kutoka. Hapakuwa na mtu. Wavuvi waliapa kwamba walifukia na hawakufukua.

Debra alirudi Kisumu. Kutoka Usenge anasikia kwamba nyumba ya Okinyi haijaisha. Mafundi wamekimbia. Analala ameketi, shanta mgongoni, na anaoga akiwa amevaa nguo. Wachungaji wamemwombea, wameikata mikanda kwa kisu. Kulipokucha ilikuwa mizima. Wenzake Debra wa dukani wamemwalika tena vilimani. Amesema hana begi.

Nyawawa wanapopita, Nyalenda yote hupiga sufuria. Nasike hupiga hadi mikono ikauma, akimwita kupitia ukutani: "Piga, jirani! Piga!" Debra huketi, mikono mapajani, mlango wazi.

Hajaingia mtu.

Lakini asubuhi huwa pana maji kwenye kizingiti, yenye harufu ya matope. Yeye huyapangusa, akaenda kazini.