Upepo wa Kwenda Tokyo

Jumatatu, saa 9:00 alasiri. Chumba cha nyuma, mgahawa wa supu ya utumbo, Incheon.

"Seoul na Tokyo ni kilomita elfu moja na mia mbili," alisema Gu Man-seok. "Saa mbili na nusu angani. Kwenye njia hii tumeiba mara saba."

Mara zote saba walikuwa wakirudi kutoka Tokyo. Hilo hakulitaja. Kwake umbali ni umbali.

Mpango ulikuwa mwepesi. Sonara mmoja, Bwana Noh, angepanda na almasi ndani ya begi la kahawia. Akishakula, husinzia. Saa moja na robo baada ya kuruka, Man-seok angelishusha begi, aingie nalo chooni, atoe almasi, atie kokoto, alirudishe. Tae Sun-deok angewashughulisha wahudumu kule nyuma. Ok Jin-pyo angekaa karibu na sonara, macho kodo.

"Hii ndiyo ya mwisho," alisema Man-seok. Alikuwa na miaka sitini na nne, magoti yamekwisha. Kifungo kingine angetoka ndani ya jeneza. "Kuna swali?"

Jin-pyo alikuwa nalo. Januari upepo wa juu hutoka magharibi. Ukirudi Seoul unapambana nao. Ukienda Tokyo unakusukuma mgongoni, dakika arobaini zinayeyuka. Lakini mwaka juzi, Osaka, alimsahihisha Man-seok, mkubwa wake, mbele ya watu, akala kofi. Tangu siku hiyo mkubwa hakosei.

Alishika chupa kwa mikono miwili, kwa heshima, akammiminia pombe ya soju. "Hakuna, kaka."

"Leo umekuwa bubu," Sun-deok alimtania. "Umemeza mfupa?"

"Nimechoka tu, dada."

Hakudanganya. Wote watatu walikuwa wamechoka.

Jumatano, saa 4:05 asubuhi. Ndege iliruka.

Saa 5:20. Noh alikuwa akikoroma. Man-seok alishusha begi, akachechemea nalo hadi chooni. Jin-pyo aliitazama ramani ya safari kwenye skrini mbele yake. Ndege ilikwisha vuka milima ya Japani, Tokyo ilikuwa karibu. Angeweza kwenda kugonga mlango. Roho ilimsuta, lakini hakunyanyuka.

Saa 5:25. "Abiria wapenzi, tunaanza kushuka Tokyo. Upepo umetubeba, tutawahi. Ketini, fungeni mikanda."

Noh alizinduka, akapapasa juu alikoweka begi. Patupu. "Begi langu liko wapi?" aliuliza, kwanza taratibu, kisha kwa sauti kubwa.

Mlango wa choo ulifunguliwa. Man-seok alitoka, jasho likimtiririka, begi kifuani, zipu imefungwa nusu. Kule nyuma Sun-deok aligeukia dirisha. Man-seok aliishia kwenye kiti cha Jin-pyo, akainama.

"Ulijua habari ya upepo?"

"Osaka nilikusahihisha, kaka," Jin-pyo alinong'ona.

Hakukuwa na hasira usoni mwa Man-seok, uchovu mtupu.

"Kofi hupoa, mdogo wangu. Hii miaka ya jela naenda kuikaa mimi."

Mhudumu alishafika, sonara nyuma yake. "Mko pamoja?" alimuuliza Jin-pyo.

"Hapana. Simfahamu mzee huyu."

Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuketi kaka akiwa amesimama. Alikaza mkanda, akabaki ameketi.