Sote Hatuli Pongo

Mwaka wa sabini na nne, msimu wa kahawa, foleni ya simu posta ya Bukoba ilifika hadi kwenye ngazi. Lwakatare alisimama nyuma ya mama mwenye mkungu wa ndizi, suruali yake pana inafagia sakafu, shati limelowa jasho. Alifundisha hesabu chuo kikuu Dar es Salaam, yuko likizo kwao Kashozi.

"Ndugu, laini ya Dar imekatika," alisema msichana wa simu. Siku hizo kila mtu alikuwa ndugu. "Kaa hapo, nitakuita."

Alikaa mpaka foleni ikaisha. Msichana aliitwa Ephrasia, mtu wa Muleba, amepanga chumba Kashai. Alivaa gauni la njano na viatu vya raizoni, vya soli nene, vilivyomfanya atembee kama anavuka matope.

"Huko Dar unafanya kazi gani hasa?"

"Napanga makundi yasiyo na mwisho."

"Utakufa hujamaliza kuhesabu."

"Sihesabu. Nauliza maswali. Makundi mawili yakijibu sawasawa kila swali, nayaweka fungu moja."

"Na yakiwa fungu moja yanakuwa kitu kimoja?"

"Hapana. Hapo ndipo wengi wanapokosea."

"Na serikali inakulipa kwa hilo." Akacheka, na Lwakatare akasahau simu ya Dar.

Tangu hapo simu ya shule ya jirani na kwao Kashozi iliita kila jioni. "Mpenzi, umekula?" Ephrasia angeuliza. "Nimekula. Wewe je?" Mwalimu mkuu alijifanya kusahihisha madaftari.

Kisha Ephrasia akamtaja Lwakatare nyumbani Muleba. Shangazi yake, Theopista, mwanamke mkavu asiyeolewa, aliuliza jambo moja tu: muziro wa kijana, yaani mnyama ambaye ukoo wao haumli.

"Pongo, shangazi."

"Na sisi hatuli pongo. Huyo ni kaka yako."

Wazee waliitwa wakae Jumapili. Wakisema ni ukoo mmoja, hakuna ambaye angepokea rubisi, pombe ya ndizi ya posa, kutoka kwa Lwakatare, na Ephrasia asingeruhusiwa hata kutaja jina lake.

Lwakatare alishikwa na hofu, na hofu ikamrudisha kwenye kazi aliyoijua. Ukoo nao hauna mwisho, aliwaza. Wapo waliokufa na wapo ambao hawajazaliwa. Basi auulize maswali.

"Kwenu mfu analazwa ubavu gani?" aliuliza kwenye simu.

"Wa kulia, mpenzi."

Lwakatare akaandika jibu.

"Wakizaliwa mapacha?"

"Tunapiga ngoma, tunavaa majani."

Kila jibu lilikuwa lilelile la kwao.

Siku ya nne Ephrasia alichoka. "Lwakatare, unatafuta sababu ya kunikimbia?"

"Natafuta tofauti."

"Tofauti gani? Kila siku wafu na mapacha. Hata kama nimekula huniulizi tena."

Akachomoa waya. Lwakatare alipopiga tena, sauti nyingine ilisema Ephrasia hayupo. Alikuwapo, ameketi hapohapo, macho mekundu.

Lwakatare alizunguka migombani kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Ndipo alipoona ujinga wake. Aliuliza kila ukoo peke yake, na mwenyewe ndiye aliyesema makundi mawili yaweza kujibu sawa na bado yawe mawili. Lilibaki swali la kati ya koo hizo.

Jumapili alipanda basi kwenda Muleba, hajui kama bado anatakiwa. Ephrasia alikuwa mkekani na wanawake, hakumtazama.

"Kijana, muziro ni mmoja," alisema baba yake Ephrasia, mzee Rutashobya. "Sema neno lako uende."

"Waitu, wazee wangu, naomba kuuliza. Yupo binti wa ukoo huu aliyewahi kuposwa kwetu, mahari ikapokelewa?"

Rutashobya alichungulia kibuyu chake. Wanawake wakageuka, mmoja baada ya mwingine, kumwangalia Theopista.

"Mnanitazamia nini?" alisema Theopista. Akakunjua kanga, akaikunja upya. "Ndiyo. Ni mimi. Mahari yangu ililiwa hapahapa, na hakuna aliyetaja pongo. Yule mwanamume akaniweka nikingoja mpaka nikasikia ameoa mwingine."

"Kwa hiyo ulijua," alisema Ephrasia.

"Nilijua. Sikutaka na wewe ungojeshwe na mtu wa kwao."

Rutashobya alikohoa. "Mahari haipokelewi ndani ya ukoo mmoja. Basi ni koo mbili. Kijana, rubisi utaleta lini?"

"Jumapili ijayo, mzee."

"Akichelewa nitamfuata mwenyewe," alisema Theopista.

Ephrasia alimsindikiza hadi njia panda, raizoni mkononi. Basi lilikuwa linaonekana kwa mbali.

"Bado una maswali?" aliuliza.

"Moja."

"La wafu?"

"Umekula?"

Midomo ilimcheza. "Sijala," alisema. "Tangu uanze na hao wafu wako."

Basi likapita. Hakuna aliyelipungia mkono.