Kamba ya Gari la Tatu

"Kamba nimeipata," alisema Jokha, akiingia uani na mfuko mrefu wa turubai begani. "Ilikuwa ghalani kwa baba, nyuma ya magunia ya mkaa. Huyu kaka yangu Ghalib anaficha vitu kama panya."

Akaubwaga mfuko mkekani, kati ya madumu ya maji na sufuria kubwa ya wali. Vumbi likaruka. Luqman, mumewe, akapiga chafya mara tatu.

"Mke wangu ataniua kabla mlima haujaniua."

"Mlima wewe ukutakie nini? Rayya, muandikie papa wake mkavu, asije akagoma njiani."

Rayya alikuwa amepiga magoti, daftari mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika mahitaji ya safari: siku nne, Jumatano mpaka Jumamosi, juu kule Wadi Murair, bonde la mto mkavu. Alishaandika maji madumu kumi na mawili, kuni, mchele, tende, kahawa na hiliki yake, pampu ya kujazia tairi upepo wakishatoka mchangani. Upande wa pili wa karatasi alipanga magari manne. La kwanza Ghalib. La pili Luqman. La tatu Musallam, jirani. La nne hakuna jina.

Tangu Azzan afe, hakuna aliyetaka kuandikwa wa nne.

Msafara wa milimani una sheria moja, na hata mtoto wa mji wetu wa Rustaq anaijua: kila dereva anamchunga aliye nyuma yake. Ukitazama kiooni usimwone, unasimama. Akikawia, unarudi. Gari la mwisho tunaliita mkia, na gari lililo mbele ya mkia ndilo linalobeba kamba ndefu ya kuvutia, kwa sababu mkia ukikwama hauna mwingine wa kuukwamua.

Mwaka jana Azzan, kaka yake Rayya, alikuwa mkia. Mvua ilinyesha mbali, juu kabisa, mahali ambapo wao hawakuiona wala kuisikia. Maji yalishuka wadini mchana kweupe. Gari lilikutwa siku ya pili, limebanwa na mwamba, viti vimejaa changarawe. Mwenyewe alikutwa siku ya tatu.

"Tulibadilishana nafasi pale tuliponywea kahawa," Ghalib alisema msibani, macho mekundu. "Mimi nikaongoza, Muatasim akarudi wa tatu, mbele ya Azzan. Kamba alikuwa nayo yeye. Hakugeuka."

Muatasim ndiye aliyekuwa akingojewa nyumbani humo kwa furaha. Wazee wake walishapanga siku ya kuleta posa ya Rayya. Alipokuja kuzika, alirudishwa mlangoni, na Mama Azzan akasema jina lile lisitajwe tena chini ya dari yake. Miezi minane baadaye Ghalib, mtoto wa ami yake Rayya, akaleta posa yeye. Rayya akakubali, kama mgonjwa anavyokubali uji. Milka, ndoa yenyewe, ingefungwa Ijumaa ya wiki ya pili baada ya safari. Na safari yenyewe ilikuwa fikra ya Ghalib: waende wakalale kule kule, wamsomee Azzan dua pale alipokutwa.

Sasa Rayya aliutazama ule mfuko, na kalamu ikasimama.

Mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu wa sufu. Mishono saba. Wa saba umepinda, kwa sababu alfajiri ya safari ya mwaka jana, Rayya alipokuwa akiushona, sindano ilimchoma kidole, na Azzan akamcheka: "Shona vizuri, mchanga ukiingia kamba inalika. Atakayeihitaji ataukata uzi."

Uzi haukuwa umekatwa.

"Jokha," akasema taratibu, "umesema ilikuwa wapi?"

"Ghalani. Kwani si ile ile?"

"Ni ile ile."

Ghalib akaingia wakati huo, anajifuta mikono kwa kitambaa, kucha nyeusi kwa kushughulika na tairi. Akakaa, akapokea kikombe cha kahawa kutoka kwa Mama Azzan, akanywa funda moja. Ndipo akaona kilichokuwa mkekani.

"Hii nani kaileta?"

"Mimi," alisema Jokha. "Ulisema hatuna kamba, tukanunue. Kamba unayo mwaka mzima."

"Hiyo mbovu. Irudishe."

"Mbovu vipi na haijafunguliwa?" aliuliza Rayya.

Ghalib akacheka kidogo. "Bibi harusi, wewe andika mchele. Mambo ya kamba tuachie sisi."

"Niliushona mimi, naujua mimi. Ulisema Muatasim ndiye aliyekuwa nayo."

"Alikuwa nayo. Akanirudishia."

"Lini?"

"Baadaye."

"Baadaye ipi? Ulimwambia mama hujamtia machoni tangu siku ile. Uliapa."

"Rayya, watu wamekaa. Unanihoji kama askari?"

Rayya aliutazama tena ule mshono wa saba. Alikuwa anakumbuka ujumbe mmoja, ulioingia kwenye simu yake siku ya nne ya msiba, kabla hajaifunga namba ya Muatasim moja kwa moja. Aliufuta, lakini maneno ya namna ile hayafutiki: *Rayya, sikuwa wa tatu. Nilikuwa mbele tangu asubuhi mpaka mwisho. Muulize Luqman, yeye alikuwa wa pili.*

Luqman alikuwa jirani yao. Alikuja nyumbani humo kila Ijumaa. Kwa mwaka mzima Rayya hakumuuliza.

"Luqman," akasema sasa. "Siku ile wewe ulikuwa wa pili."

"Wa pili, ndiyo."

"Kwenye kioo chako ulimwona nani?"

Luqman, mtu wa maneno asiyekosa la kusema hata makaburini, akainama akaanza kuchambua tende asizokula.

"Ni zamani, Rayya."

"Mwaka mmoja. Kila dereva anamchunga wa nyuma yake. Wewe ulimchunga nani?"

"Kulikuwa na vumbi."

"Mjibu," alisema Jokha.

"Jokha, huyu ni kaka yako."

"Nimesikia ni kaka yangu. Nimekwambia mjibu."

Luqman akaweka tende chini, moja moja, kama anayezirudisha kwa mwenyewe.

"Ghalib," akasema. "Gari jeupe. Muatasim alikuwa mbele yangu muda wote. Hatukubadilishana na mtu."

Mama Azzan alikuwa amesimama na buli mkononi. Mwanamke mwembamba, mdogo, shela yake ina harufu ya ubani tangu enzi. Hakupiga kelele. Akaja akakaa mbele ya Ghalib, goti kwa goti.

"Alikuita?" akauliza.

"Mama..."

"Kwenye redio ya msafara. Alikuita?"

Ghalib akaweka kikombe mkekani. "Aliniita."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ghalib, nimekwama, rudi na kamba.'"

"Halafu?"

"Halafu akasema tena."

"Mara ngapi?"

"Mama, niliyaona mawingu kule juu. Nikajua. Njia ya kugeuzia gari haikuwepo, ningerudi kinyumenyume..."

"Sikuulizi njia. Nakuuliza mara ngapi."

"Mara nne." Machozi yakamtoka. "Ya nne hakumaliza. Niliogopa. Wallahi niliogopa tu. Halafu watu wakaniuliza nani alikuwa wa tatu, nikataja jina lililonijia mdomoni."

"Likakujia la mwanamume niliyempenda," alisema Rayya.

"Nilitaka kukutunza. Wewe na mama yako. Nilisema nitafidia maisha yangu yote."

"Kwa kunioa."

"Kwa kukuoa, ndiyo. Na nilikupenda. Hilo si uongo."

"Pete hii hapa." Akaivua, akaiweka juu ya mfuko wa turubai, karibu na ule mshono uliopinda. "Ichukue na kamba yako."

Ghalib akataka kuinuka. Mama Azzan akamzuia kwa kiganja, akamjazia kikombe.

"Kunywa," akamwambia. "Mgeni haondoki kwangu bila kumaliza kahawa. Ukimaliza, utikise kikombe, uende. Na usirudi tena, hata nikifa."

Akanywa. Sijui aliimezaje. Akatikisa kikombe mara mbili, kama desturi ya aliyetosheka, akakiweka chini, akatoka bila viatu. Pete hakuichukua. Jokha akaichukua kwa niaba ya nyumba yao, akamfuata kaka yake na viatu mkononi.

Luqman akabaki, amejikunyata.

"Mama, nisamehe. Ni shemeji yangu. Nilisema aliyekufa harudi, nisivunje na nyumba ya pili."

"Umemzika mwanangu kwa mikono yako," alisema Mama Azzan, "ukala wali wa arubaini yake. Nenda na wewe, Luqman. Safari iko pale pale. Nataka kupaona alipokutwa. Kama una uso, utakuja. Kama huna, Musallam anaijua njia."

*

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Rayya akaifungua namba ya Muatasim. Ikaita kwa muda mrefu.

"Nani?"

"Rayya."

Nyuma ya Muatasim ilisikika mashine ya kujazia upepo. Alikuwa mji wa Ibri, ana kibanda cha kuziba tairi. Yeye aliyekuwa akiongoza misafara, sasa anaziba tairi za wanaokwenda.

"Muatasim, Luqman amesema. Na Ghalib amekiri mbele ya mama."

"Mimi nilimfuata Luqman mwaka jana, nikamshika mguu. Akaniambia ana watoto."

"Nimejua kila kitu."

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza." Akakohoa. "Umenipigia kunisamehe?"

"Nakuomba wewe unisamehe. Uliniambia, sikukusikiliza."

"Nilikupigia mara kumi na moja, Rayya. Nilihesabu. Baba yangu amekufa mwezi wa saba. Watu wa Rustaq hawakuja kumzika, kwa sababu mwanawe alimwacha mtu wadini. Hilo nalo umelijua?"

Rayya akaziba mdomo kwa ncha ya shela.

"Sikulijua."

"Basi leo siwezi kukusamehe. Nisikudanganye."

"Sikukuomba leo. Tunakwenda kule wadini, mama anataka kupaona."

"Wateja wananingoja," akasema, na simu ikakatika.

Rayya akarudi kwenye daftari, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Akafuta jina la Ghalib. Luqman alituma ujumbe kwamba atakuja na Jokha, naye Rayya akamwandika wa kwanza. Musallam wa pili. Wa tatu akaacha wazi. Wa nne akaandika *Rayya na Mama*, akakaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jioni, kabla ya magharibi, simu ikalia kidogo: Muatasim.

*Mmesema mnakwenda lini?*

*Jumatano, baada ya alfajiri.*

*Mkia ni nani?*

*Mimi. Mama anakaa mbele na mimi.*

*Hujawahi kuwa mkia.*

*Najua.*

Ikapita kama nusu saa. Rayya aliikunja nguo moja mara tano.

*Niandike wa tatu. Kamba mpya nitaleta mwenyewe. Sijarudi kwako, Rayya. Nakuja kukaa mbele yako tu, mpaka mama apaone na arudi.*

Akamwonyesha mama yake. Mama Azzan akasoma taratibu, anatamka kila neno kwa midomo, kisha akaenda jikoni. Akarudi na sindano na uzi mwekundu.

"Mfuko wake akija nao utaushona wewe," akasema. "Lakini safari hii usishone mishono saba. Shona miwili. Ukatike upesi."

*

Jumatano walikutana kwenye kituo cha mafuta. Muatasim alikuwa amekonda, ndevu zimeota bila mpango. Akambusu Mama Azzan kichwani, na mama akamshika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo muda mrefu. Rayya alimsalimia, Muatasim akaitikia, akatazama pembeni. Kisha akampa Rayya mfuko wa kamba mpya, naye akaushona palepale, amekaa kwenye ukingo wa lami. Mishono miwili. Luqman hakutania mtu. Jokha aligawa mikate na chai ya maziwa.

Lami ikaisha. Wakapunguza upepo wa tairi. Wadi ikawapokea, kuta zake mbili zimesimama, mawe meupe chini yanang'aa kama hayajawahi kuua mtu. Mama Azzan alikuwa amekamata mpini wa mlango na tasbihi kwa mkono mmoja. Mbele yao gari la Muatasim lilikwenda polepole mno, polepole kuliko njia ilivyotaka, na kila kona lilisimama mpaka Rayya atokee.

Walipofika karibu na ule mwamba, Rayya akaujua kabla hajaambiwa. Mguu ukamteleza kwenye klachi, na gari likazimika katikati ya changarawe.

Akajaribu. Halikuwaka. Akajaribu tena.

Mbele, taa nyekundu za breki zikawaka. Kisha zile nyeupe za kurudi nyuma. Gari la Muatasim likaanza kurudi kinyumenyume, upenyo mzima, pale pale ambapo Ghalib hakuthubutu.

Redio ikakoroma.

"Mkia, nakuona," ilisema sauti yake. "Usiogope. Nakuona."

Rayya akainua redio kwa mkono mmoja, wa pili bado unazungusha ufunguo. Mama Azzan akaichukua redio mkononi mwake, akaigeuza huku na huku akitafuta pa kubonyeza.

"Na sisi tunakuona, mwanangu," akasema. "Njoo."