Buti Zisioshwe

Asubuhi stendi ya mabasi ilikuwa imefurika watu, na mtafiti mmoja mwenye gauni jekundu la kutokea alikuwa amepiga magoti kando ya kidimbwi cha mapambo, anasugua mawe kwa mswaki.

"Dada, hayo meno ya nani?" aliuliza fundi bomba anayetunza kidimbwi hicho. Alivaa ovaroli ya buluu na buti za mpira zilizomfika magotini.

"Ya mpenzi wangu," akajibu bila kugeuka. "Anaitwa daiatomu. Ni mwani mdogo, macho hayamwoni, ila ana ganda la kioo. Na huyu wa hapa hajaonekana popote pengine duniani."

Fundi akayatazama mawe yenye utando wa kijani, asione kitu. Akamtazama aliyeyashika, akaona mengi.

Wakazoeana. Simu zikawa hazikauki.

"Umeshakula, kioo changu?"

"Bado. Nahesabu mistari ya ganda."

"Basi hesabu na siku ambazo hujaniona."

"Moja! Acha uchokozi."

Sasa, spishi mpya haitambuliwi mpaka kielelezo chake kihifadhiwe makumbusho. Alhamisi, mtafiti akakipiga kwa kiwiko kigae cha kioo chenye kielelezo chake, kikasagika sakafuni, na chupa ya sampuli ilikuwa imekwisha. Miaka miwili ya kazi! Akampigia fundi: "Jumatatu nakuja kuchota wengine. Nakuja na bosi wangu."

Fundi akasikia neno moja tu: bosi. Mkubwa wa mpenzi wake aje akute uchafu? Akasugua kwa klorini Jumamosi na Jumapili, mgongo ukamuuma, roho ikamtulia.

Jumatatu mawe yalikuwa meupe pepepe.

"Umefanya nini?" mtafiti aliuliza.

"Nimekusafishia, mpenzi."

"Umeniulia!"

"Nimemuua nani tena?"

"Wote!"

Bosi akajifanya anasoma ratiba ya mabasi. Mtafiti akaondoka analia, na wiki nzima hakupokea simu ya fundi. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Siku ya nane ikaingia namba ngeni.

"Mwanangu, mimi mama yake fundi. Sikupigii kumwombea msamaha, mambo yenu yamalizeni wenyewe. Shida yangu ni buti. Amezivua siku ile mliyogombana, kakataa zisioshwe, eti ndizo alizovaa siku mlipokutana. Nyumba nzima inanuka!"

Mtafiti akasimama. "Mama, zina utando wa kijani?"

"Umeganda mpaka kwenye soli!"

"Usiziguse! Nakuja!"

Alifika na kandambili moja ya bluu na moja nyeusi. Fundi akatoka na soksi, buti kazikumbatia kifuani. "Ukizitaka, nichukue na mimi," akasema.

Maabarani, mtafiti akakwangua soli na kuinamia hadubini. Kioo hakiozi, na klorini haikukiweza. Maganda yalikuwepo, mamia, mistari yake ile ile.

"Tumempata!" akapiga kelele, akamrukia fundi shingoni.

"Sasa utampa jina lako?"

"Mtafiti hampi jina lake mwenyewe, ni aibu. Nimeshaandika lako."

Fundi akaangalia soksi zake.

"Jina langu umempa mwani," akasema taratibu. "Limebaki la ukoo. Hilo utalichukua wewe?"

Machozi yakamtoka mtafiti huku anacheka.

"Nalichukua. Lakini buti zinabaki kwa mama."